Mdomo wa Mbwa Unaonuka Unaumwa: maneno kwa wafugaji wa mbwa na wasasi wa Pemba

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Waheshimiwa masheha, masheikh zetu, wazee wangu wasasi, mabwana shamba, kina mama mliotoka makondeni, na nyinyi vijana mnaofanya kazi mahotelini: Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Nimeombwa niseme juu ya meno ya mbwa. Najua wengi mmekuja kwa ajili ya sindano ya chanjo, na mbwa wenu wamefungwa pale chini ya miembe wanangoja zamu. Nawashukuru kwa kuja, na naomba subira yenu kidogo, kwa sababu ninalotaka kulisema karibu kila mwenye mbwa hapa amelikuta na akalinyamazia. Mbwa akihema karibu yako, harufu inakupiga. Unageuza uso, unasema: ndiyo mbwa huyo, ndivyo alivyoumbwa.

Sivyo alivyoumbwa. Mbwa mzima mdomo wake hutoa harufu ya mnyama, na akila dagaa hunuka dagaa kwa saa chache, kisha harufu ikaondoka. Uvundo unaokaa asubuhi na jioni, wiki hii na wiki ijayo, ni jambo jingine. Huo mara nyingi hutoka kwenye fizi zake, zinazoliwa na bakteria akiwa hai. Na anaumwa. Haji kukwambia, kwani mbwa hana namna ya kukwambia, na tabia yake ni kuficha maumivu na kuendelea kula mpaka siku hawezi tena.

Kabla sijaendelea, nataka tuliseme wazi linalotuzuia sisi watu wa visiwani kumtazama mbwa mdomoni. Mate yake ni najisi. Sisi tunaofuata madhehebu ya Imam Shafi tunajua tangu chuoni kwamba ni najisi nzito, na hukumu yake ni kuosha mara saba, moja kati ya hizo kwa maji yaliyochanganywa na udongo. Sikuja kuibadilisha hukumu hiyo, na masheikh wapo hapa, wao ndio wa kuulizwa masuala ya tohara. Mimi ni mtu wa mifugo. Ninachoomba ni tuione hukumu ilivyo: inatufundisha namna ya kujitoharisha baada ya kugusa. Haikutwambia tumwache anaoza taya. Mbwa wa mawindo, wa kulinda mifugo na wa kulinda shamba tumeruhusiwa kuwaweka, na anayewekwa kwa ruhusa ana haki juu ya aliyemweka. Na kile kisa cha mtu aliyemkuta mbwa analamba udongo kwa kiu, akateremka kisimani, akajaza maji kiatu chake, akakishika kwa mdomo wake ili aweze kupanda, akamnywesha, na Mola akamsamehe dhambi zake, hakuna hapa asiyekijua. Yule hakuogopa kukaribia.

Kwa hiyo tufanye kwa mpango. Vaa glavu za mpira. Vaa nguo ya kazi ambayo huisalii. Tayarisha kabla hujaanza ndoo ya maji na kopo la udongo safi, viwe hapo hapo, usije ukatoka ukaanza kutafuta huku umeshashika kitasa cha mlango na kanga ya mwenzako. Ukimaliza, unaosha kama ulivyofundishwa, unaendelea na swala yako. Nimewaona watu wa dini sana wakifanya hivi kwa utulivu, na mbwa zao wanaishi vizuri.

Sasa tuingie mdomoni.

Mbwa mkubwa ana meno 42, kumi zaidi ya mtu mzima: 20 juu na 22 chini. Mtoto wa mbwa ana 28 ya utoto. Huanza kuchomoza akiwa na wiki 3 hivi, na kati ya mwezi wa 4 na wa 7 hung'oka na kupisha ya ukubwani. Mengi huyameza, usishangae usipoyaona. Litazame jambo moja tu katika umri huo: chonge la zamani likikataa kutoka na jipya likaota ubavuni mwake, ukaona chonge mbili zimekaa pamoja, mpeleke ling'olewe. Kati ya mawili yale chakula hukwama, na jino jipya hupinda likachoma mahali sipo.

Baada ya kila mlo, juu ya meno hujijenga utando laini wa mate, mabaki ya chakula na bakteria. Ukipitisha kitambaa unatoka. Usipoondolewa, siku 2 au 3 tu zinatosha: madini yaliyomo ndani ya mate huanza kuugandisha, ukawa ukoga mgumu, kwanza wa manjano, kisha wa kahawia. Mnaochota maji ya visima vya maweni mnajua birika linavyofanya gamba ndani, ukikwangua halitoki, ndivyo hivyo. Mate ya mbwa yana alkali zaidi ya yetu. Kwa sababu hiyo meno yake hayatoboki sana kama yanavyotoboka ya watoto wetu wanaokula peremende, lakini ukoga kwake huganda upesi.

Ukoga wenyewe si ndio unaonuka sana. Ubaya wake ni kwamba una mikwaruzo, bakteria hushika humo, wakateremka chini ya ufizi ambako ulimi wala kitambaa hakifiki. Ufizi huvimba, ukafanya mstari mwekundu pale unapokutana na jino, ukiugusa unatoka damu. Hapo bado unaweza kurudi kama ulivyokuwa, ukisafishwa na kutunzwa. Ukiachwa, maradhi hushuka yakala mfupa unaolishika jino, na mfupa ulioliwa haurudi. Jino linalegea, usaha unakaa, na bakteria wanapata njia ya kuingia kwenye damu kila mbwa anapotafuna. Waganga wa mifugo wanakubaliana kwamba mbwa wengi wakifikisha miaka 3 tayari wana dalili fulani ya ugonjwa huu. Miaka 3! Mbwa wa umri huo kwetu ndiyo kwanza amejua kazi.

Mtazame basi, mara moja kwa wiki. Huhitaji kumfunua mdomo wote. Muinulie mdomo wa juu pembeni, karibu na shavu, uone magego ya nyuma, kwani ndiko kunakoanza. Fizi nzima ni ya waridi. Mbwa wetu wengi wa hapa wana fizi zenye madoa meusi au nyeusi kabisa. Hiyo ni rangi yao ya kuzaliwa, msibabaike. Kinachotisha ni wekundu pembeni mwa jino, damu, usaha, jino linalocheza, au nyama iliyoota isiyo mahali pake. Halafu mtazame anapokula. Anatafunia upande mmoja? Anachukua kipande, anakidondosha, anakichukua tena? Anasugua uso kwa mguu? Anakwepa mkono akiguswa kichwani, na zamani hakuwa hivyo? Anapiga chafya huku pua ya upande mmoja inatoka uchafu? Mizizi ya meno ya juu iko karibu sana na pua, na maradhi hutoboa.

Na uvimbe chini ya jicho. Huu naomba muukumbuke hasa. Gego kubwa la juu, lile pana la kukatia nyama, lina mizizi mitatu, na mizizi hiyo inaishia usawa wa chini ya jicho. Likivunjika au kuoza, usaha hutafuta njia ukatokea pale shavuni. Watu hudhani mbwa amechomwa na mti au ameumwa na nyigu. Humpaka dawa ya kidonda, kidonda kinafunga, mwezi ujao kinafumuka tena. Kitaendelea kufumuka mpaka jino lishughulikiwe.

Harufu nayo ina aina zake. Mdomo ukinuka kama mkojo, fikiria figo. Ukinuka utamu wa tunda lililoiva kupita kiasi, na mbwa anakunywa maji mengi na kukonda, fikiria ugonjwa wa sukari. Hayo mswaki hauyatibu, mganga amwone.

Wazee wangu wasasi, hapa nasema na nyinyi. Nimeletewa zaidi ya mara moja mbwa wa mawindo aliyekwisha hukumiwa kuwa ameingia woga. Zamani alikuwa akimshika nguruwe mguu hamwachii mpaka watu wafike. Sasa anabweka kwa mbali, au anashika na kuachia. Ukimfunua mdomo unakuta chonge limekatika, na katikati ya pale lilipokatika pana doa. Doa likiwa jekundu, jino limevunjika juzi na mshipa wake wa fahamu uko wazi. Kila pumzi ya upepo inamchoma. Likiwa jeusi, ndani pamekufa na maradhi yanashuka kwenye mzizi. Mbwa huyo hakuingia woga. Anakwenda msituni na wenzake, anakimbia anavyokimbia siku zote, na anajaribu kushika kwa jino ambalo mimi na wewe tungelilia usiku kucha. Kisha anapigwa kwa kuachia. Au anatupwa mbali na kijiji, aje kuzurura majaani. Naomba, kabla ya kumhukumu mbwa wa kazi, mfunueni mdomo.

Sasa kuna onyo, na nataka hata watoto walioko pale nyuma wasikie. Kuna mdomo ambao huruhusiwi kutia mkono. Mbwa ambaye taya limelegea halifungi, udenda unamtiririka, sauti imebadilika, anashindwa kumeza, au amebadilika tabia, mpole akawa mkali au mkali akawa mzito mzito: usidhani amekwamwa na mwiba ukaingiza vidole kumtoa. Huo unaweza kuwa kichaa cha mbwa. Ni kweli mwiba wa samaki au kijiti kikilala kaakaani kati ya magego pia humfanya mbwa adondoshe udenda na kujikuna mdomo, na ndiyo maana watu hukosea. Mfungie mahali peke yake, waondoe watoto, mwite mtu wa mifugo. Mate yakikupata kwenye kidonda, au akikuuma, osha hapo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo upate chanjo. Kuosha kwa tohara hakukuondolei haja ya kwenda hospitali. Dalili za kichaa zikishamtokea mtu, hakuna dawa ya kumrudisha.

Pemba tunajua chanjo inafanya nini. Kuchanja mbwa shehia kwa shehia kuliukata ugonjwa huu kisiwani mwaka 2014. Ukaingia tena mwaka 2016 kutoka nje ya kisiwa, ukakatwa tena mwaka 2018. Ni sindano hizi hizi mlizozifuata leo. Anayevusha mbwa kwa chombo kuja huku, amvushe akiwa amechanjwa.

Mbwa mzima na aliyechanjwa, mtu anamsafishaje meno?

Anza akiwa mtoto ikiwa unaweza, lakini hata mkubwa hujifunza. Siku za mwanzo usilete mswaki. Mzoeshe kuguswa: kidole chenye glavu juu ya mdomo wake, kisha ndani ya shavu, sekunde chache, halafu mpe kipande cha samaki na umwache. Akikataa, acha, ukimkaba leo, kesho akikuona na glavu atakimbilia vichakani. Akizoea, viringisha kitambaa safi kidoleni, ukichovye kwenye supu ya samaki isiyo na chumvi wala kitunguu (kitunguu ni sumu kwa mbwa, kibichi na kilichopikwa), usugue meno kwa nje, upande wa shavuni. Upande wa ndani ulimi wake unasaidia, usijitaabishe nao. Wiki moja au mbili baadaye, badilisha uweke mswaki laini wa mtoto. Ulaze kidogo kuelekea kwenye ufizi, zungusha polepole, nusu dakika kila upande. Magego ya nyuma ya juu ndiyo yapewe muda zaidi. Kila siku ni bora, kwa sababu ya zile siku 2 au 3 nilizosema. Ukikosa leo usikose kesho. Mswaki wake uwe na alama na ukae nje ya nyumba. Kazi hii ifanywe na mtu mzima, si mtoto. Na mbwa mkali anayeuma hata mwenyewe, mwachie mganga.

Kinachosafisha ni kule kusugua. Maji matupu yanatosha. Ipo dawa ya meno ya mbwa, inayomezeka, na ukiipata ni vizuri, lakini kutokuwa nayo si sababu ya kutofanya.

Dawa ya meno ya watu usimtie. Mbwa hatemi, anameza yote, na ile floraidi na povu havikuwekwa ili vimezwe. Baadhi yake zina zailitoli, sukari ya badala, ambayo pia imo katika aina nyingi za ubani wa kutafuna usio na sukari. Kwa mtu haina neno. Kwa mbwa huishusha sukari ya damu kwa ghafla, akaanguka na kutetemeka, na inaweza kumharibu ini. Vijana wa mahotelini, mbwa wa ufukweni huokota kila kinachoanguka kwenye mikoba ya wageni. Mkiona amekula pakiti ya ubani huo, mkimbizeni kwa mganga wakati ule ule, msingoje dalili.

Na karafuu. Najua naongea na watu wa karafuu, na jino likikuuma hapa Pemba hakuna asiyejua la kufanya. Mafuta ya karafuu yanatia ganzi, ni kweli, ndiyo maana unapata nafuu. Lakini mafuta yale yakiwa safi huunguza fizi za mbwa, naye anayameza, na jino lililooza linaendelea kuoza chini ya ganzi. Msimpake. Ndimu, majivu na magadi pia mviache.

Juu ya kutafuna sitasema mengi. Mbwa akitafuna kitu chenye ukinzani meno husuguka, na hiyo ni faida. Lakini mifupa iliyopikwa hupasuka vipande vyenye ncha, na mifupa minene ya miguu ya ng'ombe, mawe na vifuu huvunja lile gego kubwa nililolitaja. Bonyeza kwa ukucha wa dole gumba: kama ukucha hauachi alama, kitu hicho ni kigumu mno kwa meno yake. Gegedu la ng'ombe na koromeo ni afadhali, nawe ukiwa hapo unamtazama asikabwe. Karoti pia inafaa. Mbwa anayefungwa mnyororo kutwa na akautafuna, chonge zake husagika kwa nyuma mpaka zinavunjika; kama lazima afungwe, tumia kamba au ukanda, na mpunguzie saa za kufungwa.

La mwisho ni ukoga uliokwisha ganda. Nimeona watu wanaukwangua kwa kisu au kwa sarafu, na jino linatoka jeupe, wakafurahi. Wameacha mikwaruzo ambayo ukoga mpya utashika upesi zaidi, na ule ulio chini ya ufizi, wenye madhara, haukuguswa. Kusafisha kwa kweli hufanywa na mganga, mbwa akiwa amelazwa kwa nusukaputi, kila jino likapimwa na lililooza likang'olewa. Si kila kituo kina vifaa vyake, na ina gharama, sitawaficha. Muulizeni mganga wa mifugo wa wilaya yenu wapi inafanyika. Lakini mbwa aliyetolewa meno mabovu anakula vizuri, hata yakiwa mengi; nyama na wali laini anavimeza bila taabu. Wenye mbwa hurudi wakisema amekuwa kijana tena, anacheza, kumbe maumivu ndiyo yaliyokuwa yamemzeesha.

Sasa tuinuke. Ambao mbwa wao hawajachanjwa watangulie mezani na kadi zao. Mwenye mbwa mwenye uvimbe chini ya jicho, au chonge lililokatika, asirudi nyumbani kabla hajaniona. Nitakuwa pale kwenye mwembe wa pili. Glavu zimo kwenye boksi, kila mtu achukue jozi yake. Maji na udongo viko nyuma ya ukuta wa skuli.

Wabillahi taufiq. Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.